Gololi, Maji na Wimbo: Jinsi Mwendo Ulivyoingia Katika Hesabu

Katika Maktaba ya Taifa ya Florence, Italia, limo bunda la karatasi za Galileo Galilei linalojulikana kama Hati ya 72. Upande wa nyuma wa karatasi ya 107 pana safu ya namba nane: 33, 130, 298, 526, 824, 1192, 1620, 2104. Kando yake zimepangwa nyingine: 1, 4, 9, 16, 25, 36, 49, 64. Maelezo hakuna. Antonio Favaro, aliyehariri toleo kubwa la kazi zote za Galileo kuanzia mwaka 1890, aliiacha karatasi hiyo nje, maana ilikuwa na hesabu tupu bila sentensi ya kusomeka.

Hebu tuzidishe. 33 mara 4 ni 132. Galileo kaandika 130. Mara 9 ni 297, kaandika 298. Mara 16 ni 528, kaandika 526. Mara 25 ni 825, kaandika 824. Tukifika mara 64 tunapata 2112, na karatasi inasema 2104. Mtu anayetunga namba mezani angeandika 132 na 297 ili ziende sambamba na kanuni. Hizi zinaizunguka kanuni bila kuikalia, mara juu kidogo, mara chini kidogo, kama vipimo vya kweli vinavyofanya siku zote.

Elimu inayotokana na vipimo vya namna hii leo inaitwa kinematiki. Ni hesabu ya mwendo wenyewe: kitu kilikuwa wapi, lini, kikienda kwa kasi gani, na kasi hiyo ikibadilika vipi. Haiulizi kinasukumwa na nani wala kwa nini. Mwanafunzi wa sekondari huimaliza kwa majuma machache, akakariri kanuni tatu nne, akahamia kwenye mambo ya nguvu. Wanadamu walihitaji takriban miaka elfu mbili kuifikia, na waliohangaika nayo hawakuwa wajinga hata kidogo. Kilichowakwamisha, kwa maoni yangu, ni wakati. Urefu waliweza kuupima tangu enzi za ujenzi wa piramidi. Nusu ya sekunde hawakuwa na chombo cha kuikamata, na kitu usichoweza kukipima ni vigumu hata kufikiri kwamba ndicho chenye jibu.

Aristotle, aliyefariki mwaka 322 kabla ya Kristo, alifundisha kwamba kila kitu kina mahali pake pa asili. Jiwe mahali pake ni chini, moto mahali pake ni juu, na kila kinachokwenda kinyume cha asili yake kimelazimishwa. Kitu kikiwa kizito zaidi, hushuka kwa kasi zaidi kulingana na uzito wake. Siku hizi walimu humtumia kama mfano wa mzee aliyekosea, na huko ni kumwonea. Angusha jani na jiwe, au gololi mbili ndani ya asali, utaona anachokisema. Yeye aliuliza kwa nini vitu hutembea, na kwa swali hilo majibu yake yanashikana vizuri. Tatizo ni kwamba swali la kwa nini lilitangulia kabla mtu hajajua ni nini hasa kinachotokea.

Wagiriki walikuwa na kizuizi kingine ambacho hakitajwi sana. Katika hesabu zao, uwiano ulikuwa wa vitu vya jinsi moja tu, urefu kwa urefu, muda kwa muda. Sisi tukisema basi linakwenda kilomita 80 kwa saa, tumegawanya umbali kwa muda bila kuona haya. Kwao kugawanya huko hakukuwa na maana yoyote. Waliweza kusema kwamba, kati ya viwili, kilichokwenda mbali zaidi katika muda uleule ndicho chenye mwendo wa kasi zaidi, lakini kasi yenyewe haikuwa namba. Desturi hiyo ilidumu mno. Hata Galileo hakuwahi kuandika kanuni ya mwendo kwa herufi kama tunavyoiandika ubaoni. Yote aliyasema kwa uwiano, urefu huu kwa urefu ule, muda huu kwa muda ule.

Wasiokubaliana na Aristotle walikuwapo zamani. Katika karne ya 6, mjini Alexandria, Misri, John Philoponus aliandika kwamba ukiangusha kutoka juu vitu viwili, kimoja kizito mara nyingi kuliko kingine, tofauti ya muda wa kufika chini ni ndogo sana, wala haifuati uzito. Mjini Baghdad, katika karne ya 12, Abu al-Barakat al-Baghdadi alieleza kwamba kinachoanguka huzidi kwenda kasi kwa sababu uzito wake unakiongezea msukumo juu ya msukumo. Hizo ni fikra nzito. Namba, hata hivyo, bado hazikuwamo.

Namba ziliingia kwa mlango usiotarajiwa, mikononi mwa wanachuo ambao hawakuangusha jiwe hata moja. Katika Chuo cha Merton, Oxford, kati ya mwaka 1330 na 1350 hivi, palikuwa na kundi lililojulikana baadaye kama Wakokotoaji: Thomas Bradwardine, William Heytesbury, Richard Swineshead na John Dumbleton. Walipenda mafumbo ya mantiki. Waliuliza kitu kinaweza kuongezekaje kidogo kidogo: joto, weupe, hata upendo katika roho ya muumini. Mwendo ulikuwa mfano mmojawapo tu. Bradwardine aliteuliwa Askofu Mkuu wa Canterbury mwaka 1349, na tauni ikamwondoa mwaka huohuo baada ya majuma machache.

Heytesbury aliandika kitabu chake cha kanuni za kufumbua mafumbo mwaka 1335, na humo kuna jambo ambalo mwanafunzi wa leo analitumia bila kujua lilikotoka. Chukua basi linaloondoka kituoni likiongeza kasi kwa usawa, na baada ya sekunde 10 likawa linakwenda mita 20 kwa sekunde. Limekwenda umbali gani? Kasi ilikuwa inabadilika kila mara, kwa hiyo mtu atadhani hesabu ni ngumu. Watu wa Merton walisema chukua kasi ya katikati ya muda, mita 10 kwa sekunde, kisha jifanye basi lilikwenda kwa kasi hiyo mwanzo hadi mwisho. Jibu ni mita 100, na ni sahihi kabisa. Waliona tena kwamba katika nusu ya pili ya muda kitu kama hicho hukata umbali mara tatu ya nusu ya kwanza. Basi letu litakwenda mita 25 katika sekunde tano za mwanzo, na 75 katika tano za mwisho.

Aliyelifanya jambo hilo lionekane kwa macho ni Nicole Oresme, mwanachuo wa Paris aliyekuja kuwa Askofu wa Lisieux mwaka 1377. Alichora mstari wa ulalo kuonyesha muda, akasimamisha juu yake mistari ya wima kuonyesha kasi ya kila nukta ya muda. Kasi ikiongezeka kwa usawa, vichwa vya mistari hiyo hupanda mshazari na umbo linakuwa pembetatu. Eneo la pembetatu ndilo umbali uliokwendwa. Kata ncha ya pembetatu katikati ya kimo chake, igeuze ijaze pengo la upande wa pili, na umepata mstatili wa kasi ya wastani. Mchoro huo bado unachorwa katika kila darasa la fizikia, na mara nyingi jina la Oresme halitajwi.

Cha ajabu zaidi kilijulikana juzi tu. Mwaka 2016 mtafiti Mathieu Ossendrijver, wa Chuo Kikuu cha Humboldt mjini Berlin, alichapisha usomaji wa vigae vya udongo kutoka Babeli vilivyohifadhiwa katika Jumba la Makumbusho la Uingereza. Vigae hivyo ni vya kati ya mwaka 350 na 50 kabla ya Kristo. Wanajimu wa Babeli walikuwa wakifuatilia sayari ya Mshtarii. Walihesabu kuwa katika siku 60 tangu ionekane, mwendo wake hupungua kutoka dakika 12 za digrii kwa siku hadi dakika 9 na nusu. Wakajumlisha kasi mbili hizo, wakazigawa kwa mbili, wakazidisha kwa siku 60, wakapata digrii 10 na robo tatu. Ni hesabu ileile ya Merton, zaidi ya miaka 1,300 kabla yake. Angani wakati ni mwingi: sayari inakupa siku 60 za kuitazama. Jiwe linaloanguka kutoka urefu wa mita mbili halikupi hata sekunde moja.

Kuna mmoja aliyeiunganisha hesabu ya Merton na jiwe kabla ya Galileo. Domingo de Soto, mtawa wa Kihispania, aliandika katikati ya karne ya 16 kwamba kitu kinachoanguka ni mfano wa mwendo unaozidi kwa usawa. Alilitaja kwa kupita, akaendelea na mengine. Hakulipima, na hakuna aliyemdai alipime.

Galileo alizaliwa Pisa mwaka 1564. Baba yake, Vincenzo, alikuwa mwanamuziki, mpigaji wa chombo cha nyuzi cha ukoo mmoja na udi tunaousikia katika taarabu. Vincenzo hakuridhika na nadharia za vitabuni. Alitundika uzito kwenye nyuzi na kuthibitisha kwa sikio kwamba ili sauti ya uzi ipande oktavu moja kwa kuukaza, uzito hauna budi kuwa mara nne, si mara mbili kama ilivyofundishwa. Kijana Galileo alikulia nyumba ambayo kanuni zinajaribiwa, na ambayo sehemu ndogo za wakati zinasikika kila siku. Alipelekwa Chuo Kikuu cha Pisa kusomea udaktari mwaka 1581, akaondoka mwaka 1585 bila shahada. Alirudi hapo kufundisha hisabati mwaka 1589, na mwaka 1592 akahamia Padua, ambako alikaa miaka 18. Kazi kubwa ya mwendo aliifanya huko, kabla darubini haijamfanya mashuhuri.

Mwezi Oktoba 1604 alimwandikia rafiki yake Paolo Sarpi, mtawa msomi wa Venice, barua inayofaa kusomwa na kila anayedhani sayansi huenda kwa mstari ulionyooka. Galileo anasema amegundua kuwa umbali wa kuanguka unafuata kipeo cha pili cha muda. Muda ukiwa mara mbili, umbali ni mara nne. Mara tatu, umbali ni mara tisa. Hilo ni kweli. Kisha anasema sababu yake ni kwamba kasi inaongezeka kulingana na umbali uliokwishashukwa. Hilo si kweli, tena halipatani na lile la kwanza. Kama kasi ingefuata umbali, kitu kilichotulia, ambacho bado hakijakwenda popote, kingekuwa na kasi sifuri milele, kisingeanza kabisa.

Namba alikuwa nazo sahihi mkononi, na bado kichwa chake kilikimbilia urefu, kwa sababu urefu unaonekana. Ilimchukua miaka kadhaa kukubali kwamba kasi huongezeka kwa usawa kulingana na muda. Kila kipande sawa cha muda huongeza kipande sawa cha kasi, na ongezeko hilo ndilo tunaloliita mchapuko. Kwangu hapo ndipo kinematiki ilipozaliwa, si siku ya kuangusha vitu kutoka mnara wowote. Baadaye, katika kitabu chake cha mwisho, alimfanya mmoja wa wahusika akiri kwamba mwandishi mwenyewe aliwahi kunaswa na kosa hilo kwa muda.

Lakini alizipataje namba? Kitu kikiangushwa wima hakimpi mtu nafasi. Galileo aliamua kuupunguzia mwendo makali kwa kuviringisha gololi kwenye mteremko mdogo, akiamini kwamba mteremko unapunguza kasi bila kubadilisha tabia ya kuongezeka kwake. Maelezo yake mwenyewe, yaliyochapishwa mwaka 1638, yanafahamika. Alitumia ubao wenye urefu wa dhiraa 12 za Florence, yaani karibu mita 7, unene wa vidole vitatu, uliochongwa mfereji ulionyooka unaozidi kidogo tu upana wa kidole kimoja. Ndani ya mfereji alibandika ngozi laini ya kuandikia ili msuguano upungue, na juu yake akaachia gololi ya shaba iliyo ngumu, mviringo na iliyosuguliwa vizuri. Upande mmoja wa ubao uliinuliwa dhiraa moja au mbili.

Saa yake ilikuwa ndoo ya maji. Chini yake alitia kijibomba chembamba, maji yakatiririka ndani ya kikombe kwa muda wote gololi ilipokuwa njiani, kisha akayapima kwa mizani nyeti. Uzito wa maji ndio ulikuwa muda. Anasema alirudia mara mia moja na kwamba tofauti haikuzidi sehemu ya kumi ya pigo moja la mshipa. Gololi ikiachiwa robo ya urefu wa ubao, ilitumia nusu ya muda wa ubao mzima.

Katika karne ya 20 Alexandre Koyré, mwanahistoria mwenye heshima kubwa, alilikataa hilo. Vifaa hivyo, alisema, ni hafifu mno. Galileo alifikia kanuni kwa akili tupu na majaribio ni mapambo ya kitabuni. Wengi walimfuata. Mwaka 1961 Thomas Settle, mwanafunzi wa shahada za juu nchini Marekani, alitafuta ubao, mpira na chombo cha maji, akayafanya yaleyale. Maji yalimpa muda kwa usahihi wa karibu sehemu ya kumi ya sekunde, kama Galileo alivyodai. Napenda kisa hiki kwa sababu mabishano ya wasomi ya miaka mingi yalimalizwa na mtu aliyekwenda dukani kununua ubao.

Miaka ya 1970 Stillman Drake, aliyefanya kazi katika shughuli za fedha kabla ya kuwa profesa wa Toronto, alizipekua karatasi za Florence na kukutana na ile ya 107. Akaisoma hivi: namba zile nane ni umbali ambao gololi ilifika mwishoni mwa vipande nane vya muda vilivyo sawa, kila kipande karibu nusu sekunde, kwenye mteremko usiofika digrii 2. Kizio ni kidogo kuliko milimita, kwa hiyo 2104 ni kama mita mbili. Sasa, nusu sekunde nane mfululizo haziwezi kupimwa kwa kikombe cha maji. Drake alipendekeza kwamba Galileo aliimba. Alifunga nyuzi za utumbo kwenye ubao, kama zile zinazofungwa shingoni mwa chombo cha baba yake, gololi ikipita inagonga kila uzi kwa mlio mdogo, naye akiimba wimbo wenye mapigo thabiti. Mlio ukitangulia pigo au ukichelewa, anausogeza uzi. Vyote vikilingana, anachukua rula na kupima. Drake alijaribu mwenyewe kwa wimbo wa kanisani wenye mwendo wa gwaride na akaona inawezekana, kwani sikio la mtu aliyezoea muziki hugundua kuchelewa kudogo sana.

Si wanahistoria wote waliokubali usomaji huo. Wapo wanaoihusisha karatasi hiyo na kazi nyingine ya Galileo. Mimi naona hoja ya Drake ina uzito kwa sababu moja: inageuza kazi upande ulio rahisi. Badala ya kuchagua umbali kisha kuhangaika kupima muda, unachagua muda kisha unapima umbali kwa rula, kazi ambayo binadamu ameijua tangu zamani.

Kitabu hicho cha mwisho cha Galileo, *Sayansi Mbili Mpya*, kilichelewa miaka zaidi ya thelathini. Darubini, sayari, ugomvi na Kanisa, vyote viliingia katikati. Hukumu ya Juni 1633 ilimfunga Galileo nyumbani kwake, na akaishia Arcetri, nje ya Florence, akiwa amepigwa marufuku kuchapisha. Hati ikavushwa hadi Leiden, Uholanzi, ikachapishwa na Elzevir mwaka 1638. Nakala ilipomfikia, mwandishi alikuwa kipofu. Humo ndimo walimwengu walimosoma kwamba kitu kinachoanguka, katika vipande vya muda vilivyo sawa, hukata umbali unaofuatana kama namba witiri: 1, 3, 5, 7. Ukizijumlisha hatua kwa hatua unapata 1, 4, 9, 16. Mhusika Salviati anaulizwa kuhusu chanzo cha kuzidi kwa kasi, naye anajibu kwamba hapo si mahali pa kukitafuta. Kwanza tujue kasi inaongezeka vipi. Aristotle asingekubali kuanza hivyo.

Katika sehemu ya mwisho ya kitabu Galileo anaonyesha kuwa kitu kilichorushwa kina miendo miwili isiyoingiliana, wa ulalo usiobadilika na wa wima unaozidi, na kwamba ukiunganisha miwili hiyo njia yake ni parabola. Wataalamu wa mizinga wa karne iliyotangulia, akiwamo Niccolò Tartaglia aliyeandika mwaka 1537, waliichora risasi ikienda karibu moja kwa moja, ikapinda, kisha ikaanguka wima. Bonaventura Cavalieri aliitaja parabola hiyo kitabuni mwaka 1632, na Galileo alikasirika kweli, maana siri aliyoitunza muda mrefu ilikuwa imetangulia kutolewa na mwanafunzi wake.

Kuhusu mnara wa Pisa, ambako inasimuliwa kwamba Galileo aliangusha vitu vya uzito tofauti, niseme kwa ufupi. Habari hiyo inatoka kwa Vincenzo Viviani, kijana aliyemtunza Galileo katika uzee wake, aliyeiandika mwaka 1654, miaka 12 baada ya mzee kufariki. Galileo mwenyewe hakuiandika popote. Aliyeandika waziwazi kwamba ameangusha vitu ni Simon Stevin, aliyefanya kazi Uholanzi, ambaye mwaka 1586 alieleza jinsi yeye na Jan Cornets de Groot walivyoachia tufe mbili za risasi, moja nzito mara kumi ya nyingine, kutoka futi 30, zikatua kwa mlio mmoja. Jaribio hilo linakupa jibu la ndiyo au hapana tu. Linasema vitu vizito na vyepesi hufika pamoja. Halisemi vilikuwa wapi njiani.

Aliyepima njiani, kwa anguko la wima, alikuwa mpinzani. Giovanni Battista Riccioli, padri Mjesuiti wa Bologna, aliamini kwamba dunia haizunguki; kitabu chake cha mwaka 1651 kina hoja 49 za kuunga mkono mzunguko wa dunia na 77 za kuupinga. Alipopata habari za namba witiri za Galileo alitarajia kuziangusha. Kwanza alihitaji saa. Alitengeneza pendula, yaani uzito unaobembea kwenye uzi, akitaka kila pigo liwe sekunde moja. Kuihakiki, yeye na wenzake tisa walihesabu mapigo yake kwa zamu kwa muda wa saa 24, mwezi Aprili 1642. Sekunde za siku ni 86,400. Walihesabu mapigo 87,998. Riccioli hakuridhika, wakarudia.

Kisha yeye na Francesco Maria Grimaldi waliangusha tufe kutoka mnara wa Asinelli, wenye urefu wa karibu mita 97, wakihesabu kwa pendula ndogo yenye mapigo ya haraka. Umbali ukatoka 1, 3, 5, 7. Riccioli aliyachapisha hayo bila kuyapinda, akakiri kwamba katika hilo Galileo alisema kweli. Kwa ushahidi wa mwendo wa kuanguka, namwamini Riccioli kuliko mtu yeyote wa zama zile, kwa sababu alitamani jibu tofauti.

Galileo, kwa upande wake, hakuwahi kutoa namba nzuri ya ukubwa wa mchapuko. Mwaka 1632 aliandika kwamba mpira wa chuma hushuka dhiraa 100 kwa sekunde 5, yaani karibu mita 58, ilhali kwa kweli ungeshuka zaidi ya mita 120. Marin Mersenne, mtawa wa Paris, alijaribu na kushangaa mtu makini aliandikaje hivyo. Uwiano alikuwa nao sahihi, kipimo kamili hakuwa nacho.

Kipimo kamili alikileta Christiaan Huygens, Mholanzi, aliyeunda saa ya pendula mwaka 1656. Aligundua jinsi muda wa kubembea unavyotegemea urefu wa uzi na mchapuko wa kuanguka, kwa hiyo ukijua viwili unapata cha tatu. Katika kitabu chake cha mwaka 1673 alitoa futi 15 na inchi 1 za Paris kwa sekunde ya kwanza ya kuanguka, yaani mita 4.9. Ndiyo namba tunayoitumia hata sasa, nusu ya 9.8. Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Newton na Leibniz walitoa hesabu za kushughulikia kasi ya nukta moja ya muda, Pierre Varignon akaziandika kanuni hizo kwa herufi mjini Paris mnamo mwaka 1700, na mwaka 1834 André-Marie Ampère, yule ambaye kizio cha umeme kina jina lake, akaitenga elimu hii na ile ya nguvu na kuipa jina la kinematiki.

Jambo moja kutoka zama za Huygens linatuhusu sisi tunaoishi karibu na ikweta. Mwaka 1672 Jean Richer alipelekwa Cayenne, Amerika ya Kusini, digrii 5 kaskazini mwa ikweta, akiwa na saa ya pendula iliyorekebishwa Paris. Huko ikawa inachelewa karibu dakika mbili na nusu kila siku, akalazimika kuufupisha uzi wake kwa kama milimita 3. Vitu huanguka taratibu zaidi kwenye ikweta kuliko kwenye ncha za dunia, kwa sababu dunia inazunguka na imetuna katikati. Hewa ikiwekwa kando, katika sekunde ya kwanza kitu hushuka mita 4.89 ikwetani na mita 4.92 kwenye ncha. Mkaaji wa Nairobi, aliye pia zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, anapata pungufu kidogo zaidi ya hapo.

Kwa hiyo, mwalimu wa fizikia wa Nairobi, Kampala, Bukoba au Kisangani, namba 9.8 iliyo kitabuni inaweza kupimwa darasani kwako bila maabara. Funga jiwe zito kwenye uzi, upime mita moja kamili kutoka fundo la juu hadi katikati ya jiwe. Lisukume kidogo tu. Wanafunzi wahesabu safari 100 za kwenda na kurudi, mmoja akishika saa ya simu; watapata karibu sekunde 201. Wagawe kwa 100, jibu walizidishe kwa lenyewe, kisha wagawe 39.5 kwa walichopata. Wafanye hivyo kabla hujawaandikia kanuni yoyote ubaoni.